Kazi ya kulinda baridi

Mwezi uliopita mpwa wangu anayesomea ubaharia alinijia nyumbani Mtongwe baada ya sala ya alasiri, na kabla kahawa haijamiminwa alikuwa ameshalitoa swali alilovuka nalo feri. "Mjomba," aliniuliza, "hiyo gesi ya Lindi, kule Tanzania, itakapoanza kupakiwa melini, si itakuwa ni mitungi mikubwa tu, kama hii ya jikoni?" Nilimwambia akae vizuri, kwa sababu jibu lake lilikuwa refu, na tulipomaliza mazungumzo magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Siku zilizofuata niliona kwamba wapo vijana wengi wa pwani wenye swali lake, nami niliyefanya kazi miaka tisa kwenye gati la kupakia gesi asilia katika nchi moja ya Ghuba nina deni la kuandika ninayoyajua.

Kuifananisha gesi hiyo na ya mtungi si kosa la ajabu, maana gesi tunayoishi nayo hapa Mombasa ni hiyo. Meli huileta hadi bandarini, ikahifadhiwa, ikatiwa kwenye mitungi na kusambazwa mpaka bara. Gesi ya mtungi ni propani na butani, ambazo hukubali kuwa kimiminika zikibanwa kwa kani ya kadiri hata katika joto letu hili la pwani, na ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia kitu kikicheza ndani kama maji. Gesi asilia ni jambo jingine. Sehemu yake kubwa ni methani, na methani ina tabia moja ambayo kila kitu kwenye gati lile hutokana nayo: maadamu ina joto la kupita takribani nyuzi 82 chini ya sifuri, haiwi kimiminika hata uibane kwa nguvu za namna gani. Hapana mtungi utakaoishurutisha. Njia iliyobaki ni kuipoza, na ili iweze kukaa tangini bila kubanwa ni lazima ifikishwe nyuzi zipatazo 162 chini ya sifuri.

Ikifika hapo, ujazo wake hupungua takribani mara 600. Meli moja ya kawaida ya siku hizi hubeba mita za ujazo 174,000 za kimiminika hicho, na shehena hiyo ikirudi kuwa gesi hupindukia mita za ujazo milioni 100. Huo ndio uchumi wote wa biashara hii, kwani asiyeweza kulaza bomba chini ya bahari kutoka kisimani hadi kwa mnunuzi hana budi kuigandamiza gesi yake kwa baridi na kuisafirisha. Kimiminika chenyewe kimeng'aa kama maji ya chemchemi, hakina rangi wala harufu, na uzito wake haufiki nusu ya uzito wa maji. Ule ukungu mweupe unaoonekana kinapovuja si gesi, bali ni unyevu wa hewa uliogandishwa na baridi yake. Harufu tunayoijua jikoni hutiwa makusudi ili mwenye nyumba atahadhari; kule gatini pua haisaidii kitu, na kazi ya kunusa hufanywa na vihisi vilivyotandazwa kila mahali.

Kabla gesi haijapozwa husafishwa, na hapa sitakawia sana. Hewa ya ukaa na maji huondolewa kwa sababu vyote viwili vingeganda na kuziba njia. Zebaki nayo huondolewa mpaka isibaki hata chembe inayopimika, ingawa kwenye kisima huwa ni kidogo mno, kwa kuwa zebaki huila alumini, na vyombo vikuu vya kupozea hutengenezwa kwa alumini. Funzo hilo lilipatikana hapa hapa Afrika, katika mtambo wa Skikda nchini Aljeria mwaka 1973, ambako chombo cha namna hiyo kiliharibika vibaya kwa ajili ya zebaki. Gesi iliyosafishwa huingia katika mfululizo wa mitambo ambao wenye kazi huuita treni, kwa kuwa mashine zimepangwa moja nyuma ya nyingine kama mabehewa. Mwanzoni hupozwa kwa propani, kisha kwa mchanganyiko wa gesi nyingine, nayo hutoka upande wa pili ikitiririka.

Tangi linaloipokea linastahili kuelezwa kwa utulivu zaidi. Kwa nje mtu huona ukuta wa zege wa duara, mnene, usio na madirisha, kama ngome. Ndani yake limo tangi la pili la chuma kilichochanganywa na nikeli kwa asilimia 9, na kati ya kuta hizo mbili hujazwa kizuia-joto kilicho kama punje nyepesi za mawe yaliyochomwa. Nikeli hiyo si mapambo. Chuma cha kawaida kikipata baridi ile huwa kama kigae, na pigo dogo hukivunja. Tarehe 20 Oktoba 1944, mjini Cleveland nchini Marekani, tangi lililojengwa kwa chuma chenye nikeli ya asilimia 3.5 tu lilipasuka, kimiminika kikaenea mitaani na kuingia kwenye mitaro ya maji machafu, na moto uliofuata uliua watu wapatao 130. Tulipoajiriwa tulisomeshwa habari hiyo siku ya kwanza, kabla hata ya kupewa kofia, nami nadhani kila mkufunzi wa kazi hii afanye vivyo hivyo.

Katika tangi hilo hakuna mashine ya kupoza. Watu wengi hushangaa wakisikia hivyo. Kimiminika hujilinda chenyewe: joto kidogo linalopenya ukutani hukichemsha sehemu ndogo, mvuke huo hupanda ukichukua joto pamoja nao, na kilichobaki huendelea kuwa baridi, kama mtungi wa udongo unavyoyapoza maji kwa kuyaachilia yatoe jasho. Sharti lake ni kwamba mvuke uondolewe wakati wote. Usipoondolewa, kani ndani ya tangi hupanda. Kwa hiyo kompresa huufyonza usiku na mchana, na kuurudisha mtamboni au kuutumia kama moto wa kuendeshea mitambo. Ukiona mwenge wa kituo cha gesi umewaka sana, mara nyingi maana yake ni kwamba pahali fulani mvuke umekosa pa kwenda. Hilo halipendezi, na kuachilia methani hewani bila kuichoma ni kubaya zaidi, kwa kuwa katika muda wa miaka 20 methani hutia dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito ule ule wa hewa ya ukaa.

Sasa nije kwenye gati, mahali nilipoishi zamu zangu.

Meli huingia na rubani wa bandari, ikisindikizwa na tagi ambazo kwa kawaida huwa nne, na mwendo wake wa mwisho kuelekea gatini ni wa polepole kiasi kwamba mtu aliyezoea kuziona meli za makontena zikiingia Kilindini angedhani imesimama. Kamba zake hufungwa kwenye ndoana zinazopima mvuto wa kila kamba na zinazoweza kuachia kwa mara moja ikihitajika kuondoka kwa dharura. Baada ya hapo wakuu wa meli na wakuu wa gati hukaa meza moja, wakapitia karatasi kwa karatasi: kasi ya kuanzia, kasi ya juu kabisa, mpangilio wa matangi, ishara za kusimamisha, nani atazungumza na nani na kwa lugha gani. Kikao hicho huwachosha wageni. Nimewahi kukiona kikichukua saa nzima, na sikuwahi kuona dakika iliyopotea ndani yake.

Mikono ya kupakilia ni mabomba makubwa yenye viungo vinavyozunguka, yanayosimama gatini kama shingo za twiga. Mara nyingi mitatu hupeleka kimiminika melini na mmoja hurudisha mvuke nchi kavu, kwa kuwa tangi la meli linapojaa mvuke uliokuwamo hauna budi kutoka, na hauachwi uende hewani. Ikishaunganishwa hupulizwa naitrojeni ndani yake hadi oksijeni iliyobaki iwe chini ya asilimia 1, kisha kila kiungo hupakwa maji ya sabuni. Mtambo wa mabilioni ya dola, na pale penye kiungo anasimama mtu mwenye chupa ya sabuni akitazama kama povu litachemka! Nimeifanya kazi hiyo mamia ya mara. Povu likitulia, unainua mkono, na mwenzako anaandika.

Halafu ndipo huanza kazi ambayo ndiyo ninayotaka mpwa wangu aielewe kuliko zote, nayo ni kupoza mikono na mabomba kabla ya kupakia. Sisi tuliolelewa na taa za mafuta tunaijua chemni. Chemni iliyowaka muda ikidondokewa na tone la maji hupasuka papo hapo, kwa sababu upande mmoja umejikunja kwa baridi na upande wa pili bado umetanuka kwa joto. Bomba la chuma halipasuki kama kioo, lakini kanuni ni ile ile. Bomba la chuma kisichoshika kutu lenye urefu wa mita 100, likitolewa katika joto la mchana wa Ghuba likafikishwa nyuzi 162 chini ya sifuri, hupungua urefu kwa takribani sentimita 30. Ndiyo maana mabomba ya gati hayaendi moja kwa moja bali hupinda pinda kwa makusudi, yapate nafasi ya kujikunja. Kimiminika kikiingizwa kwa pupa hukimbilia chini ya bomba, chini pakaganda ilhali juu pangali moto, nalo bomba hujipinda kama ukucha.

Kwa hiyo kimiminika huingizwa kidogo kidogo. Cha kwanza hakifiki popote. Hugeuka mvuke mara tu kinapoligusa bomba, na mvuke huo ndio unaotangulia kupoza mbele. Vipimo vya joto vilivyobandikwa juu na chini ya bomba hutazamwa dakika baada ya dakika, na tofauti kati yake ikizidi kiasi kilichowekwa, valvu hurudishwa nyuma. Saa moja hupita, pengine na nusu. Ukungu huanza kushuka kutoka kwenye mikono, kisha utandu mweupe hutokea juu ya chuma, utandu unakuwa barafu, na barafu inanenepa hadi mkono mzima unaonekana umevishwa pamba, hapo ulipo chini ya jua la jangwani. Kila muuza samaki wa Mji wa Kale anajua kwamba barafu ikitiwa ndani ya sanduku lililoshinda juani, ya kwanza yote hupotea kwa kulipoza sanduku, na ndiyo hiyo hiyo siri ya gati. Meli nayo hufuata kanuni hii: ikishusha shehena ng'ambo huacha kiasi kidogo cha kimiminika ndani ya matangi yake, ili irudi ingali baridi. Ile inayotoka kukarabatiwa, ikiwa na matangi yenye joto, hulazimika kunyunyiziwa ndani kwa saa nyingi mpaka matangi yafike takribani nyuzi 130 chini ya sifuri, ndipo ipakiwe.

Usiku mmoja, katika mwaka wangu wa nne, tuliharakishwa. Meli ilikuwa imechelewa kwa upepo, nyingine ilikuwa ikisubiri nje, na aliyekuwa na kauli juu ya zamu ile alitaka muda urudishwe. Tulifungua zaidi ya tulivyozoea. Tofauti ya joto ilipanda, mmoja wetu akaitaja kwenye redio, akajibiwa kwamba itashuka yenyewe. Haikushuka. Kwenye flanji moja, yaani kiungo cha mabomba kinachokazwa kwa boliti, boliti zilizopoa kwa mwendo mmoja na chuma kilichopoa kwa mwendo mwingine ziliachana kwa upana usiozidi unywele, na pale palipokuwa na unywele ukatoka ukungu mweupe, ukashuka chini na kutambaa sakafuni, kwa sababu methani ikiwa baridi namna ile ni nzito kuliko hewa, haipai mpaka ipate joto. Kihisi kililia. Kila kitu kilisimamishwa kwa kitufe, pampu zikazimika, valvu zikafunga, nasi tukajitenga upande upepo unakotoka kama tulivyofundishwa. Hakuna aliyeumia wala moto haukuwaka. Lakini flanji ile ililazimu iachwe ipate joto, ikazwe upya, ipimwe tena kwa sabuni, na kupozwa tena tangu mwanzo, nasi tukapoteza saa sita kwa ajili ya kuokoa dakika arubaini. Nilikasirika usiku ule, na nikiikumbuka bado nakasirika, kwa kuwa mwenzetu aliyeitaja kwenye redio ndiye aliyekuwa sahihi na ndiye mdogo kuliko wote kwa cheo.

Kupakia kwenyewe, baada ya kupoza, ni kazi tulivu. Kasi hupandishwa kwa hatua hadi kufikia mita za ujazo 12,000 kwa saa, na meli ikiwa inajazwa gesi hutoa baharini maji iliyokuja nayo tumboni kama uzani, ili isizame wala kuinuka kupita kiasi. Ubavuni mwake, chini ya mahali mikono ilipounganishwa, maji huteremka muda wote kama pazia, kwa sababu tone la kimiminika likianguka juu ya chuma cha kawaida cha meli laweza kukitia ufa. Waya wa mawasiliano huunganisha meli na nchi kavu, kwa namna kwamba upande wowote ukisimamisha, upande wa pili husimama pia bila kungoja mtu aulize. Hali ikiwa mbaya zaidi, meli ikisogea kupita mipaka, mikono hujifungua yenyewe, na kila ncha hujifunga isimwage ila kidogo. Tangi halijazwi pomoni. Kawaida huishia asilimia 98.5, na saa ya mwisho kasi hupunguzwa sana, kwani hapo kosa la dakika moja lina uzito.

Jambo moja humshangaza kila ninayemweleza: shehena hii haiuzwi kwa tani wala kwa lita. Huuzwa kwa kiasi cha joto kitakachotoka ikichomwa. Kwa sababu hiyo matangi ya meli hupimwa kabla na baada ya kupakia, kina cha kimiminika, joto lake, kani ya mvuke, na hata ulalo wa meli ukasahihishwa kwenye hesabu, na sampuli huchukuliwa muda wote wa kupakia ili ijulikane ni methani kiasi gani na ethani kiasi gani. Mpimaji asiye wa muuzaji wala wa mnunuzi husimama pale akishuhudia. Mvuke uliorudi nchi kavu nao hutolewa katika hesabu. Nimeona watu wakibishana nusu saa juu ya milimita mbili za kina, nami sikuwaona wabishi, kwa kuwa katika tangi lenye upana ule milimita mbili ni mali ya watu.

Hayo ndiyo niliyomweleza kijana, na ndipo akauliza juu ya Lindi. Bahari ya Tanzania, katika maji ya kina kirefu, ilianza kuonyesha gesi nyingi tangu mwaka 2010, na kiasi kinachotajwa kwa nchi nzima, pamoja na visima vya zamani kama Songo Songo, ni futi za ujazo trilioni 57. Mahali palipochaguliwa kujengwa kituo ni Likong'o, karibu na mji wa Lindi, kwa gharama inayokadiriwa kuwa dola bilioni 42. Makubaliano ya mwanzo yalitiwa saini Juni 2022, na mazungumzo baada ya hapo yamekuwa marefu. Kusini zaidi, Msumbiji imeshaanza: mtambo unaoelea wa Coral Sul ulipeleka shehena yake ya kwanza Novemba 2022, ilhali mradi wa nchi kavu kule Cabo Delgado ulisimamishwa Aprili 2021 baada ya mashambulizi ya Palma, ukakaa hivyo miaka kadhaa. Wala Afrika si mgeni katika kazi hii. Shehena za kwanza za biashara ya kudumu duniani zilipakiwa Arzew, Aljeria, mwaka 1964, na Bonny nchini Nigeria imekuwa ikipakia tangu 1999. Hapa kwetu iliwahi kupangwa Dongo Kundu mtambo wa umeme wa megawati 700 ambao ungetumia gesi ya namna hii iliyoagizwa kutoka nje, nao haukujengwa.

Nilimwambia waziwazi kwamba kituo kama hicho huajiri maelfu kinapojengwa, na wachache sana kinapoendeshwa. Hao wachache hawaokotwi siku ya kufungua. Mtu anayeweza kusimama mbele ya bomba linalopoa, akasoma vipimo viwili na kuthubutu kumwambia mkubwa wake kwamba valvu irudishwe, huchukua miaka kupatikana, na miaka hiyo ni hii tunayoingojea mikataba. Mpwa wangu anajua kamba, anajua dira, anajua kuogelea kuliko mimi. Nimemtaka aongeze elimu ya vipimo na vyuma, na ajifunze kuandika ripoti iliyonyooka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu ripoti ya zamu iliyoandikwa ovyo imewahi kuharibu mengi.

Alipokuwa akivaa viatu aliniuliza la mwisho: "Na meli ikishaondoka, Mjomba, gati hulala?"

Halilali. Mikono hukaushwa kwa naitrojeni, ikatenganishwa na kuinuliwa, na barafu yake huanza kuanguka vipande vipande juu ya sakafu, ikiyeyuka kabla mtu hajaiokota. Lakini bomba kuu linalotoka matangini haliachwi lipate joto, kwa kuwa likipata joto kazi yote ya kupoza itaanza upya, na kila kujikunja na kutanuka hulichosha. Kwa hiyo pampu moja ndogo huachwa ikizunguka, ikipeleka kimiminika kidogo hadi mwisho wa gati na kukirudisha tangini kwa bomba la pili, usiku kucha, gati likiwa tupu na bahari kimya, na mtu mmoja wa zamu akipita kila saa na tochi kuangalia kama utandu mweupe ungalipo juu ya chuma.